Oili ya Mashine ya Boti: Kutoka Baridi ya Lupepo hadi Itungi

Asubuhi ya Lupepo ina baridi ya kuifanya oili itoke kwenye galoni polepole kama asali. Lishushe galoni hilohilo kupitia Tukuyu hadi Kyela, lifike Bandari ya Itungi jua likiwa utosini, utaona oili inamiminika tu. Umeteremka zaidi ya mita 1,000, kutoka miinuko ya Rungwe hadi Ziwa Nyasa. Hapo mwenye boti hulitikisa galoni, huona oili ni nyepesi, akasema haina nguvu, akatafuta nzito zaidi. Kosa linaanzia hapo.

Uzito unaouona kwa macho sio ambao injini inakutana nao. Kwenye 15W-40, ile 15W inaeleza jinsi oili inavyosukumika injini ikiwa ya baridi. 40 ni mnato wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, yaani injini ikishapata moto. SAE 40 ya kawaida, ikishapata moto, iko kundi moja na 15W-40. Zinaachana wakati wa kuwasha. Kyela ni joto, kwa hiyo mashine ya kizamani ambayo kitabu chake kinairuhusu SAE 40 itaitumia bila shida.

Kinachopaswa kumsumbua nahodha ni kazi ya mashine. Lori linalopanda Tukuyu hukaza mlimani, kisha injini hupumua kwenye mteremko. Ziwani hakuna mteremko: boti ikishika mwendo, mzigo ni uleule saa hadi saa. Tena mashine inapozwa kwa maji ya ziwa, na wapo mafundi wanaong'oa themostati wakidhani wanaisaidia isichemke. Wanaiumiza. Injini isiyofikia joto lake haiunguzi dizeli yote. Inayobaki hupita pembeni mwa ringi na kushuka kwenye oili, masizi huifuata, na unyevu unaopaswa kutoka kama mvuke hubaki humohumo. Oili iliyotengenezwa kwa injini za petroli haina dawa ya kubeba masizi mengi hivyo. Kwenye lebo tafuta alama ya API inayoanza na C, kama CH-4 au CI-4. Hiyo ni ya dizeli. Ikiwa ni S peke yake, iache dukani.

Lipo na kosa la upande wa pili, la kuamini kwamba galoni lililoandikwa ni la meli lazima lifae. Meli kubwa za baharini zinazochoma mafuta mazito yenye salfa nyingi huhitaji oili ya silinda yenye alkali kali, namba 70 na zaidi, ili kuua asidi. Dizeli ya vituo vyetu haina salfa ya kiasi hicho. Alkali isiyopata asidi ya kupambana nayo huacha majivu magumu juu ya pistoni. Hata palepale Itungi, kinachofaa injini za MV Njombe, meli ya mizigo ya tani 1,000, si lazima kifae boti ya mbao.

Somo kubwa kuliko yote naliona Kigoma. Mwezi Julai 1916, kabla Wajerumani hawajaizamisha meli yao Graf von Götzen, mafundi waliotoka kiwanda cha Meyer Werft waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Ilikuwa mitambo ya mvuke, lakini kanuni haijabadilika: chuma kilichovikwa vizuri hakiliwi na maji.

Sasa fikiria boti zinazopumzishwa upepo wa mwera ukichafua ziwa. Wengi huziacha na oili chafu, wakisubiri kuimwaga siku ya kurudi majini. Oili hiyo ina asidi na unyevu, na kwa wiki zote hizo inatafuna beringi kimyakimya. Ipime: dondosha tone kwenye kikaango cha moto, likitatarika, lina maji. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hata kikaango hakihitajiki.

Ndugu mwenye boti, imwage kabla mwera haujaanza. Tia mpya, badilisha na filta, washa mashine mpaka ipate moto, kisha ndipo uipandishe nchi kavu.