Mapenzi ya Safarini na Hatia ya Baba

Vitabu vya mapenzi viandikwavyo kwa ajili ya vijana havina heshima kubwa katika vyuo vyetu. Husomwa usiku, hupita kutoka mkono hata mkono, na asubuhi mwanafunzi hurudi kwenye vitabu alivyoagizwa na mwalimu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nataka kukitazama kimoja cha vitabu hivyo kwa jicho lile lile tuvitazamalo vitabu vikubwa, kwa kuwa naona kina swali zito ndani yake, na kwa kuwa wengi wanaokisifu hukisifia jambo lililo dogo. Kitabu chenyewe kimeandikwa na Jennifer E. Smith, mwanamke wa Kimarekani, kikatolewa mwaka 2012 kwa jina la The Statistical Probability of Love at First Sight.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Hadley Sullivan, msichana wa miaka 17, anachelewa ndege kwa dakika 4 katika kiwanja cha John F. Kennedy, New York. Alikuwa akienda London kuhudhuria harusi ya baba yake mzazi na mwanamke wa Kiingereza aitwaye Charlotte, ambaye msichana huyu hajapata kuonana naye wala hana hamu ya kuonana naye. Wakati wa kungoja ndege nyingine anakutana na Oliver, kijana Mwingereza asomaye katika Chuo Kikuu cha Yale. Viti vyao vinatokea kuwa katika safu moja. Wanazungumza usiku kucha juu ya bahari ya Atlantiki, wanabusiana penye foleni za pasipoti katika kiwanja cha Heathrow, na umati wa watu unawatenga kabla hawajapeana anwani. Yaliyobaki ni ya siku ile ile: harusi, kutafutana, na kuonana tena. Mambo yote haya yamo katika muda wa siku moja, usiku na mchana.

Mwanafunzi akitakiwa kufasiri jina la kitabu hiki kwa Kiswahili atakwama mapema. “Uwezekano”, kwa maana waliyoipa wanahesabu, limekwisha kuzoeleka madarasani. “Takwimu” vile vile. Na “kupendana kwa mtazamo wa kwanza” twaweza kuridhika nalo. Lakini maneno hayo yakiwekwa pamoja yanasikika kama taarifa ya idara ya serikali, hali mwandishi amekusudia mzaha. Oliver, kila aulizwapo anasomea nini, hutoa jibu jipya la kuchekesha, na jina la kitabu ni mojawapo ya majibu hayo. Hesabu hiyo haipo, wala kijana hakuifanya. Kiswahili kina maneno yake ya jambo hili: bahati, nasibu, majaliwa, na lile neno la ajabu, ajali. Neno ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, hasa ule wa kufa. Nasi twalitumia kwa mtu aliyefikwa na siku yake, na pia kwa gari lililopinduka njiani bila ya mtu kutazamia. Neno moja lachukua jambo lililoandikwa na jambo la ghafula pamoja. Mwandishi wetu hana neno la namna hiyo katika lugha yake, naye ametumia kurasa zaidi ya 200 kujaribu kulitengeneza. Mwanzoni kabisa anahesabu vijambo vidogo vya siku ile ambavyo, kama kimoja kingekwenda vingine, Hadley angeiwahi ndege yake na Oliver angebaki mtu asiyejulikana.

Sura za kitabu zina alama nyingine inayostahili kutajwa. Kila sura imeandikwa juu yake saa mbili, ya pwani ya mashariki ya Marekani na ya Greenwich, zikipishana kwa saa 5. (Msomaji wa Kiswahili, ahesabuye saa zake tangu kucha na tangu kuchwa, hana budi kuongeza ya tatu.) Kwa mtu apitaye upesi hili ni pambo tu. Kwa kweli lina kazi: usiku ule wa angani si wa New York wala si wa London, na watu walio ndani ya ndege wamefunguliwa kwa muda kutoka katika saa za nyumbani na madai yake. Hadley ana hofu ya mahali palipofungwa, na kukaa ndani ya ndege kwake ni adhabu. Oliver humsemesha ili amsahaulishe hofu, na kutokana na kusemeshana huko ndipo mapenzi yanapoanza. Sura hizi za angani ndizo bora kuliko zote. Mazungumzo ni mepesi, hayana mapambo, na mwandishi hana haraka ya kuwafanya watoto hawa waseme maneno makubwa. Wafanyalo zaidi ni kutaniana. Anayedhani kuwa ni rahisi kuandika utani wa watu wawili wasiojuana kwa sura nyingi mfululizo, na ajaribu.

Ndege ikishatua, kazi inalegea. Hadley anakuja kujua Oliver alipo kwa kusikia wageni wa harusi wakizungumza habari za mazishi fulani huko Paddington, naye anakisia kuwa mazishi hayo ndiyo yaliyomleta kijana London. Msomaji hukubali nasibu ya kwanza bila kinyongo, kwa sababu pasipo hiyo hapana hadithi. Nasibu ya pili humfanya amtazame mwandishi usoni. Hata hivyo mahali nasibu hii inapompeleka msichana ndipo kilipo kiini cha kitabu, nami nalisamehe kosa kwa sababu ya faida yake.

Wasifuo kitabu hiki husema kuwa ni hadithi ya Hadley na Oliver. Nathubutu kusema kuwa ni hadithi ya Hadley na baba yake. Tufikiri habari za mzee huyo. Alikuwa mwalimu wa fasihi huko Marekani, akaenda Oxford kufundisha kwa muda, akiwa na mke na binti nyumbani. Huko ugenini akakutana na Charlotte, akapenda asipotazamia kupenda, na hakurudi tena katika nyumba ile. Hayo ni nini kama si mapenzi ya ghafula baina ya wageni safarini? Jambo lile lile ambalo tunalifurahia likimtokea binti ndilo lililoivunja nyumba yake lilipomtokea baba. Mwandishi halipigii ngoma jambo hili. Ameliweka tu pale, mkabala, amwachie msomaji alione. Msichana anasafiri na hasira juu ya mapenzi ya namna fulani, na kabla hajafika aendako yeye mwenyewe amekwisha kushikwa na mapenzi ya namna hiyo hiyo. Mkobani mwake mna kitabu cha Dickens, Our Mutual Friend, alichopewa na baba yake, naye anakichukua amrudishie mwenyewe bila kukisoma. Katika usiku ule anakifungua.

Ili kuona uzito wa mpango huu yatupasa kukumbuka kuwa mapenzi ya safarini ni kisa cha zamani katika fasihi ya Ulaya, na kwamba mara nyingi kilikuwa kisa cha huzuni. Tolstoy alimkutanisha Anna Karenina na Vronsky katika stesheni ya gari la moshi ya Moscow, naye Anna alikuwa mke wa mtu. Mwisho wake kila mwanafunzi anaujua. Katika senema ya Kiingereza ya mwaka 1945, Brief Encounter, daktari na mwanamke wanakutana katika chumba cha chai cha stesheni, kila mmoja ana nyumba yake, nao wanaagana. Safari iliwapa watu uhuru ambao nyumbani hawakuwa nao, na nyumba ikaja kudai deni lake. Vitabu vya vijana vimelikwepa deni hilo kwa njia rahisi: wapendanao huwa hawajafungwa na mtu. Hawana mke wala mume, hawana mtoto, mara nyingi hata kazi hawana. Furaha yao haimgharimu yeyote. Smith ameifuata kanuni hii kwa vijana wake wawili, lakini amemweka karibu nao mtu aliyeivunja, na mtu huyo ni baba wa msichana. Kwa hiyo swali la kale limerudi kwa mlango wa nyuma. Je, twaweza kuyabariki mapenzi ya ghafula kwa sababu ni ya ghafula, au twayabariki tu pale ambapo hapana aliyeachwa?

Ndipo inapokuja habari ya Paddington. Oliver amekwenda kumzika baba yake. Katika ndege Hadley alidhani kuwa kijana naye anakwenda harusini, naye kijana hakumsahihisha. Hapa msomaji wa kwetu atashangaa kidogo. Watu wawili wamekaa pamoja usiku mzima, wamezungumza habari za wazazi na za utoto, na mfiwa amefika mwisho wa safari bila kupewa pole. Katika basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga swali la habari za nyumbani lingeulizwa kabla ya Chalinze. Kijana angejibu kuwa kuna msiba, watu wa viti vya jirani wangempa pole, na riwaya ingekwisha hapo hapo. Sisemi hivi ili kuzicheka desturi za wengine. Adabu yao ya kutouliza ndiyo inayompa mwandishi siri yake, na siri hiyo imetumiwa vizuri. Kwani baba wa Oliver naye hakuwa mwaminifu kwa mkewe, na mtoto amefika mazishini akiwa na hasira isiyo na mtu wa kuipokea. Hadley anasimama mbele ya kijana huyo akiwa na hasira ya namna ile ile, na baba wa kuipokea yuko hai, upande wa pili wa mji, amevaa nguo za harusi.

Hakuna mahubiri katika sura hiyo. Msichana anarudi kwenye harusi, baba anamgombeza kwa kutoweka, wanasemezana, na baadaye wanacheza dansi pamoja. Naiona kuwa sehemu iliyoandikwa kwa uaminifu mkubwa kuliko zote, kwa sababu Hadley hasemi kuwa baba alitenda haki. Amechoka kumchukia, na tena ameona furaha ya baba kwa macho yake, na furaha hiyo haikuwa ya uongo. Kuonana tena na Oliver kunafuata, kama kanuni ya vitabu hivi itakavyo.

Wale walioigeuza hadithi hii kuwa senema mwaka 2023, chini ya uongozi wa Vanessa Caswill, ikaonyeshwa na Netflix, hawakuiona nguzo hii, au waliiona wakaiogopa. Katika senema hiyo Oliver haendi kumzika baba mwenye kosa. Anakwenda kwenye shughuli ya kumuaga mama yake, mwanamke mwema, aliye mgonjwa wa saratani na bado yu hai. Machozi yameongezeka, maana yamepungua, kwani mama huyo hamwambii Hadley neno lolote juu ya baba yake. Kadhalika wameweka msimulizi mwanamke, Jameela Jamil, ajitokezaye kila mara katika mavazi mengine, leo mhudumu, kesho abiria, akitaja hesabu na kuwasukuma vijana waonane. Majaliwa yamepewa sura na mshahara. Kitabu kilimwacha msomaji ashindane mwenyewe na dakika 4, senema imemjibia.

Smith mwenyewe alirudia kisa cha wageni safarini mwaka 2019 katika Field Notes on Love, ambamo kijana wa Kiingereza, tikiti ikiwa imeandikwa jina la mchumba aliyemwacha, anamtafuta msichana mwingine mwenye jina lile lile ili wavuke Marekani pamoja kwa treni. Ni kitabu kitamu, na treni humpa nafasi kubwa kuliko ndege. Lakini humo hapana aliyedhulumiwa kwa mapenzi ya safarini, na msomaji hukifunga akiwa mwepesi kama alivyokifungua.

Lawama yangu kubwa juu ya kitabu cha kwanza ni ya mama wa Hadley. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani wakati mumewe alipokwenda Oxford, na ndiye pekee ambaye hakupata faida yoyote katika ajali ile ya Charlotte. Mwandishi anajua hivyo, maana amefanya haraka kumpatia mwanamume mwingine ampendaye, ili mwisho wa hesabu pasionekane mtu mwenye madai. Malipo hayo ni mepesi mno. Akishaagana na binti yake, mama huyu husikika kwa simu kutoka ng'ambo, au huonekana katika kumbukumbu za Hadley za miezi ya kwanza baada ya baba kuondoka, na kurasa hizo za kumbukumbu, ambazo ni chache, zina uchungu ambao harusi nzima ya London haiufuti. Hadley amempa baba yake msamaha ambao sehemu yake kubwa ulikuwa mali ya mama. Hakumwuliza kwanza, na katika simu zote anazompigia kutoka London swali hilo halitajwi.