Kusoma hali ya hewa kabla ya kupanda vilima vya mchanga vya Shela

Vilima vya mchanga vya Shela, kusini mwa kisiwa cha Lamu, vimejipanga nyuma ya ufuo wenye urefu wa takribani kilomita 12, kutoka kijiji cha Shela kuelekea upande wa Kipungani. Mchanga huo ndio unaohifadhi maji ya mvua yanayolisha visima vya mji wa Lamu. Kuvipanda si kazi kubwa, ila huko juu hakuna pa kujikinga. Kwa hiyo mambo manne huangaliwa kabla ya kuondoka: upepo, maji ya bahari, jua na mvua.

Upepo huanza kusomwa kwa msimu. Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi, nayo Januari na Februari ni miezi mikavu. Kusi hushika baada ya hapo hadi Septemba, na hukaza zaidi Juni hadi Agosti. Katikati ni tanga mbili, wakati ambapo upepo hulegea na kugeuka. Katika misimu yote, alasiri ndiyo saa ya upepo mwingi, kwa sababu nchi kavu imepata joto na kuvuta hewa ya baharini juu ya upepo uliokuwapo.

Baada ya msimu hufuata utabiri wa siku. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari ya upepo mkali unapotarajiwa kupita noti 25, yaani takribani kilomita 46 kwa saa. Kiwango hicho huwafaa sana wenye vyombo baharini, lakini kwa mpandaji wa Shela kiko juu mno: mchanga mkavu huanza kuruka upepo ukifika takribani noti 12. Siku isiyo na tahadhari yoyote inaweza basi kuwa siku mbaya kilimani. Majedwali mengi ya upepo huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa 3. Safu ya 12 husomwa kuwa saa tisa alasiri.

Maji ya bahari ndiyo yanayosahaulika zaidi, ilhali njia ya kufika na kurudi iko ufuoni. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika takribani mita 3. Katika siku hizo maji hujaa karibu saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne hadi tano, asubuhi na usiku. Anayekwenda kutazama machweo wakati wa bamvua hukuta ufuo umebaki ukanda mwembamba wa mchanga laini, wenye kuzamisha mguu. Kila siku maji huchelewa kwa takribani dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo hugeuka: katika maji mafu bahari hupwa jioni, na mchanga mgumu wa kutembelea huwa wazi. Kwa matembezi ya jioni, siku za maji mafu ndizo zinazofaa. Saa kamili hupatikana katika jedwali la maji la mwaka husika.

Jua huamua saa ya kupanda. Mchanga mkavu wa adhuhuri unaweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi na kuunguza nyayo, hata pale hewa yenyewe ikiwa na nyuzi 30 tu. Saa zinazofaa ni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na takribani saa kumi na mbili na dakika 40 kulingana na mwezi, na giza huingia upesi, kwa hiyo taa hubebwa.

Mvua ya masika hufikia kilele Mei. Manyunyu hayana madhara. Mchanga uliolowa haupeperuki na hukanyagika vizuri. Hatari ni radi, kwa kuwa anayesimama kileleni ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Zikipita sekunde 30 au pungufu kati ya mwanga na mngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10 na kupanda huahirishwa.

Ukaguzi wa mwisho hufanyika chini ya kilima. Hutazamwa ukingo wa juu: ukionekana kama unafuka moshi, mchanga unasafiri. Chembe nyingi huruka chini ya usawa wa goti, kwa hiyo mtu mzima aliyesimama huweza kuona hali ni nzuri huku mtoto au aliyeketi akipigwa machoni. Huinamwa basi hadi kimo cha mtoto na kusikilizia usoni. Mchanga ukichoma, ni heri kubaki ufuoni au kungoja asubuhi, upepo unapokuwa umepungua.