Mkonga wa Nkoma: gari la ndala na gari la matofali

Anayeunda gari dogo la kufanana na gari la kweli huanzia kwenye tairi, apende asipende. Boneti anaweza kuikunja upya, kabini anaweza kuibomoa na kuijenga tena, lakini tairi hulipokea kama lilivyo. Akishalipata, ukubwa wa gari zima umeshaamuliwa. Mjenzi wa matofali ya plastiki ya LEGO, ya Denmark, analijua hilo. Mtoto wa Nkoma, wilayani Itilima mkoani Simiyu, analijua pia, hata kama matofali hayo hajawahi kuyashika. Safu hii inachambua gari moja lililoundwa kwa njia zote mbili: Land Cruiser ndefu ya milango ya nyuma, ile inayoitwa mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele.

Nimechagua mkonga kwa sababu ndilo gari linalofika. Nkoma ilikuwa sehemu ya Bariadi kabla wilaya ya Itilima haijazaliwa mwaka 2012, na katika vijiji vya ukanda huu magari yaliyozoeleka machoni ni machache: malori ya pamba msimu unapofunguliwa, bodaboda, basi la asubuhi, na mkonga. Mkonga hubeba mgonjwa, hubeba maofisa, hubeba askari wa wanyamapori wanaoelekea Pori la Akiba la Maswa. Mtoto huunda kile anachokiona kwa makini, na gari linalosimama karibu na shule kwa saa nzima huonwa kwa makini kuliko linalopita likitimua vumbi.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Toyota ilianza kutoa jamii hii ya magari, iitwayo Series 70, mwaka 1984, na toleo refu la namba 78 likaja 1999. Umbo lake ni la masanduku mawili: la injini mbele, la abiria nyuma. Kioo cha mbele kinakaribia kuwa bapa na kimesimama karibu wima, ubavu umenyooka, paa halina mzunguko wa kusumbua. Gari dogo la mjini lenye mabega ya duara lingemshinda fundi wa waya na fundi wa matofali kwa pamoja. Vipimo vya kukumbuka ni hivi: urefu takriban mita 5.2, upana karibu mita 1.8, kimo mita 2.1, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma mita 2.98. Tairi lake la 7.50R16 lina kipenyo cha kama sentimita 80 na upana wa inchi saba na nusu, yaani sentimita 19.

Sasa tazama ndala. Ndala ya mtu mzima iliyokatika kamba haitupwi, hukatwa matairi. Sehemu yake pana, pale vidole vinapokaa, inampa mtoto duara la kama sentimita nane. Nane kwa themanini: gari limeshakuwa moja ya kumi ya gari halisi. Hakuna aliyekaa chini kuamua uwiano huo. Umeamuliwa na upana wa mguu wa binadamu. Na kuna bahati nyingine ndani yake. Unene wa soli ni kati ya sentimita moja na nusu na mbili, na moja ya kumi ya sentimita 19 ni 1.9. Tairi la ndala lina kipenyo sahihi na upana sahihi kwa wakati mmoja.

Mtoto hana karatasi ya vipimo, wala haihitaji. Hupima kwa tairi. Ukiutazama mkonga kwa ubavu utaona kwamba kati ya ekseli mbili yanaingia matairi matatu na robo tatu hivi, urefu mzima ni matairi sita na nusu, na kimo ni matairi mawili na zaidi kidogo ya nusu. Jicho linaloangalia gari kwa muda mrefu hushika uwiano huo bila kuutaja. Ndiyo maana gari la waya lililoundwa vizuri hutambulika kwa mbali kabla hata halijawekewa taa: uwiano wa tairi na bodi umekaa sawa. Likikosewa hapo, hata liandikwe Toyota ubavu mzima, halitafanana.

Kwa upande wa matofali hesabu ni ileile ila kwa tarakimu ngumu zaidi. Tofali la LEGO, ambalo hataza yake iliombwa Januari 28, 1958, lina vinundu juu yake, na kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 8. Kimo cha tofali ni milimita 9.6. Kipo kibao chembamba cha milimita 3.2, na vibao vitatu vikipangwa hulingana na tofali moja. Vipimo hivyo havibadiliki, na matairi nayo huja kwa saizi zilizowekwa kiwandani. Chukua tairi la kipenyo cha milimita 43.2. Gawanya milimita 800 kwa hizo, unapata 18.5. Gari letu sasa ni moja ya kumi na nane na nusu.

Hapo ndipo mkonga unapoonyesha kwamba ni gari la kujengwa kwa matofali. Umbali wa ekseli unatoka milimita 161, ambao ni vinundu 20. Upana unatoka milimita 97, vinundu 12. Urefu unatoka 281, vinundu 35. Kimo kutoka ardhini ni milimita 113 na ushee, karibu sawa na matofali 12. Kila kipimo kikubwa kinaangukia kwenye kinundu au kando yake kabisa. Ni nadra gari kukubali hivyo. Kwa kawaida mjenzi hulazimika kuliibia gari sentimita kumi mahali fulani ili hesabu ikae.

Kasoro ipo kwenye tairi lenyewe. Tairi la kawaida la kipenyo hicho lina upana wa milimita 22, wakati mkonga kwa kipimo hiki unataka 10 tu. Ukilifunga, gari linageuka kuwa la mashindano ya jangwani. Lipo jembamba la milimita 14, ambalo ni afadhali, lakini bado ni pana. Hukumu yangu kwenye tairi iko wazi: ndala imeshinda.

Kwenye bodi mambo yanageuka. Kibao cha milimita 3.2, ukikizidisha kwa 18.5, ni kama sentimita sita za gari halisi. Hiyo ndiyo hatua ndogo kabisa ya kupanda au kushuka. Nusu ya kinundu ni sentimita saba na nusu hivi, na ndiyo hatua ndogo ya kutoka nje au kuingia ndani ukitumia kibao chenye kinundu kimoja katikati. Madigadi ya mkonga yamevimba kidogo nje ya ubavu, na hiyo nusu ya kinundu inatosha kuyaonyesha. Mstari wa chini ya madirisha unahitaji kibao kimoja. Grili inahitaji vinundu vitazame mbele badala ya juu, na hapo mjenzi hutegemea siri moja ya vipimo hivi: vibao vitano vilivyopangwa ni milimita 16, sawasawa na vinundu viwili. Kwa hiyo unaweza kulaza kipande ubavu ndani ya ukuta na kikaingia bila upenyo. Atakayeelewa hilo ataweza kujenga karibu uso wowote wa gari.

Mtoto wa Nkoma hana hatua za milimita 3.2. Ana dumu. Dumu la mafuta ya kula hupasuliwa kwa kisu, likaanikwa juani likalainika, kisha likakatwa mabapa ya milango, boneti na paa. Plastiki ya dumu haishiki gundi. Gundi ya kawaida ya dukani hubanduka ndani ya siku chache, na watoto wamelijua hilo bila kufundishwa kemia. Wanachofanya ni kushona: msumari uliochomwa motoni hutoboa matundu pembezoni, kisha waya mwembamba hupita ukifunga bapa kwenye fremu. Ukishika gari la namna hiyo ukapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, unausikia mshono, tundu baada ya tundu, kila tundu likiwa na mdomo ulioyeyuka na kuganda. Mdomo huo ndio unaozuia plastiki isichanike. Msumari wa baridi ungetoboa pia, lakini ufa ungeanzia hapo hapo.

Fremu ni waya mnene wa uzio, nyuzi mbili ndefu za chesisi na za kukatiza, na maungo hufungwa kwa vipande vya mpira wa chubu ya baiskeli. Mpira una faida ambayo tofali halina. Chesisi hujipinda kidogo, na gari likipita kwenye matuta ya njia ya ng'ombe matairi yote manne yanabaki yamegusa chini. Chesisi ya matofali ni ngumu. Hujengwa kwa vibao virefu vilivyopishanishwa tabaka kwa tabaka, kama mwashi anavyopishanisha tofali za ukuta, na ikipishanishwa vibaya hukatika katikati. Juu ya meza ni imara. Njiani ingevunjika mara moja.

Ekseli za gari la ndala ni spoku za baiskeli. Spoku ikizunguka moja kwa moja ndani ya ndala, tundu hupanuka na tairi huanza kuyumba. Dawa yake ni kupachika kipande cha ganda la kalamu ndani ya tundu kiwe bushi. Ganda hilohilo, lenye unene wa kama milimita nane, ndilo linalokuwa mkonga wenyewe kando ya kioo, na kwa moja ya kumi linakaribia sana bomba halisi. Taa ndizo zinazokosewa. Kizibo cha soda ni kikubwa karibu mara mbili ya taa ya mviringo inayotakiwa, na gari linaonekana kama limetoa macho.

Usukani ndio sehemu ninayotaka watoto na walimu waisome tena. Kwa kawaida ekseli nzima ya mbele hufungwa kwenye mhimili mmoja wa katikati, na waya mrefu hupanda kupitia paa hadi mkononi mwa mtoto anayekimbia nyuma. Ni rahisi na unadumu. Lakini ekseli ikipinda nyuzi 30, kila tairi linasogea mbele au nyuma sentimita tatu na nusu na zaidi, na linagonga madigadi. Ili lisigonge, mtoto huinua bodi juu ya matairi. Hiyo ndiyo sababu magari mengi ya waya yanaonekana marefu kwenda juu kuliko gari la kweli. Kosa la kimo linatokana na usukani.

Gari halisi hupinda kila tairi mahali pake. Rudolph Ackermann alisajili hataza ya mpango huo Uingereza mwaka 1818, wakati wa magari ya farasi. Kanuni yake ni kwamba tairi la ndani ya kona lipinde zaidi kuliko la nje: kwa mkonga, la ndani likiwa nyuzi 35, la nje liwe kama 28. Inawezekana kwa spoku. Kunja spoku mbili umbo la herufi L, mguu wa wima upite ndani ya ganda la kalamu, maganda mawili yaachane sentimita 13. Kila spoku iwe na mkono wa sentimita mbili na nusu unaoelekea nyuma, ncha zake zikiingia ndani milimita tano. Unganisha ncha hizo kwa tairodi ya waya wa sentimita 12, na waya wa usukani uisukume tairodi. Bodi sasa inaweza kushushwa pale inapostahili.

Kwa mwenye kompyuta, usanifu wa matofali hauhitaji kuwa na tofali hata moja. Mfumo wa LDraw, ulioanzishwa na James Jessiman mwaka 1995, na programu ya LeoCAD, vinapatikana bure, na mkonga wa vinundu 12 kwa 35 unaweza kuchorwa kwenye kompyuta ya shule.

Kwa mwalimu wa darasa la sita, ombi langu ni hili. Siku ya kufundisha uwiano, mwambie mwenye gari la ndala alilete darasani, mpe rula, na darasa zima lipime. Vipimo vya kulinganisha navyo, kwa moja ya kumi, ni tairi sentimita 8, ekseli hadi ekseli 29.8, urefu 52, upana 18, kimo 21.