Kinachopunguzwa Bei ya Tairi Inaposhuka

Tairi la gari dogo hugusa lami kwa eneo linalokaribia kiganja cha mtu mzima. Matairi manne hubeba uzito wote wa gari, na kila breki na kila kona huishia hapo. Ndiyo maana bei peke yake haitoshi kuamua kama tairi la bei nafuu linafaa kununuliwa. Kwanza ijulikane mtengenezaji alipunguza nini hata bei ikashuka.

Kuna upunguzaji usiomdhuru dereva. Kampuni kubwa hulipia matangazo na mashindano ya magari, na gharama hizo huingia kwenye bei. Kampuni hizohizo pia humiliki majina ya daraja la pili: Michelin ina Kleber na Riken, Continental ina Barum na Semperit, Bridgestone ina Firestone. Tairi la daraja hilo mara nyingi hutumia muundo wa zamani wa kampuni mama, ambao utafiti wake ulikwisha kulipiwa. Upande mwingine wako Wachina kama Linglong, Sailun na Triangle, wenye viwanda vikubwa vya kisasa na wauzaji wengi Afrika Mashariki. Soko hili huagiza zaidi kuliko linavyozalisha, hasa baada ya kiwanda cha matairi cha Arusha kusimama na cha Nairobi kufungwa mwaka 2016. Kuyatia matairi haya yote kwenye kapu moja la “tairi za bei rahisi” ni kosa. Kati ya jina la daraja la pili la kampuni inayojulikana na jina lisilojulikana kabisa kuna tofauti kubwa.

Upunguzaji unaouma uko ndani ya mpira wenyewe. Mpira wa tairi huimarishwa kwa masizi ya kaboni, ambayo ni rahisi na huchanganyika bila shida. Mwaka 1992 Michelin ilileta sokoni tairi ambalo sehemu kubwa ya masizi ilibadilishwa kwa silika. Mpira wa silika hubingirika kwa wepesi, hivyo huokoa mafuta, na papo hapo hushika vizuri lami iliyolowa. Ugumu wake ni kwamba silika haipatani na mpira. Lazima iunganishwe kwa kemikali iitwayo sileni, na muungano huo hufanyika wakati wa kuchanganya, joto likiwa takribani nyuzi 140 hadi 160. Joto likipungua, silika haishikani na mpira. Likizidi, mpira huanza kuiva kabla ya wakati wake. Mchanganyiko hupitishwa kwenye mashine zaidi ya mara moja, na kila safari hula umeme na muda. Mwenye kiwanda anayebana matumizi huanza kubana hapa, na jicho la mnunuzi haliwezi kuligundua hilo: tairi litakuwa jeusi vilevile, na kashata zake zitavutia vilevile.

Matokeo yake hayaonekani kwenye lami kavu. Huko tairi jipya la bei nafuu husimamisha gari kwa umbali usiotofautiana sana na la gharama kubwa, na dereva husema kwa haki kwamba haoni tofauti. Tofauti huja na mvua. Chukua magari mawili yanayokwenda kilomita 100 kwa saa kwenye lami iliyolowa. Matairi ya la kwanza yanashika kwa nguvu sawa na asilimia 70 ya uzito wa gari, ya la pili kwa asilimia 60. Gari la kwanza husimama baada ya mita 56 tangu breki zishike, la pili baada ya mita 66. Mita kumi zaweza kuonekana chache, ila gari la kwanza linapokuwa limesimama kabisa, la pili linapita mahali hapohapo likiwa na kasi ya kilomita 38 kwa saa. Mwendo huo unatosha kumuua mtembea kwa miguu.

Mnunuzi hana maabara, lakini ubavu wa tairi humwambia mengi. Kwenye maandishi 195/65R15 91H, namba 91 inamaanisha tairi linabeba kilo 615, na H ni kasi isiyozidi kilomita 210 kwa saa. Herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi, huonyesha kwamba tairi limeidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Kando yake hutafutwa herufi S, W na R: S ni ya kelele, W ya mshiko kwenye maji, R ya wepesi wa kubingirika. Tairi lenye W limepimwa na kuvuka kiwango cha chini cha mshiko. Matairi mengi huwa pia na alama za Marekani, ambazo hupima mshiko kwa AA, A, B na C. Alama hizo zina kasoro: mshiko hupimwa kwa breki ya mstari mnyoofu tu, na namba ya uimara, kama 400 au 500, hutolewa na mtengenezaji mwenyewe. Kulinganisha 500 ya kampuni moja na 400 ya nyingine hakuna maana kubwa.

Kuhusu kudumu, sifa ya baadhi ya matairi ya bei nafuu ya kuchelewa kuisha si ya kubuni. Mpira mgumu huchelewa kuisha, na ugumu huohuo ndio unaopunguza mshiko kwenye maji. Lakini si yote hudumu hivyo, kwa hiyo hesabu ya gharama ifanywe kwa kilomita. Kwa mfano, tairi la shilingi 120,000 likienda kilomita 30,000, kila kilomita imegharimu shilingi 4. La shilingi 260,000 likienda kilomita 60,000, kila kilomita ni shilingi 4 na senti 33, na la bei nafuu limeshinda kidogo. Likiisha kwenye kilomita 25,000, limefika shilingi 4 na senti 80 na ushindi umegeuka, kabla hata ya kuongeza malipo ya fundi ya kufunga na kubalansi mara ya pili.

Anayeukwepa mjadala wote kwa kununua tairi la mtumba huwa amechagua vibaya zaidi. Namba nne za mwisho za mlolongo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira hukauka hata ukiwa stoo, na watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa mwisho hata kama kashata bado ni nene. Baadhi ya mitumba kutoka Japani ni matairi ya theluji, yenye mpira laini ambao huisha upesi kwenye lami yenye joto.

Kwa gari linalozunguka mjini kwa mwendo wa kilomita 50, tairi jipya la bei nafuu, lenye E na W na tarehe ya karibuni, ni ununuzi wa busara mradi upepo upimwe mara kwa mara. Kwa gari la safari ndefu linalokimbia kilomita 100 msimu wa masika, akiba hiyo ni ndogo mno kulinganisha na mita kumi zile. Pesa zikitosha matairi mawili tu mazuri, yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele pakiteleza, gari hukataa kukata kona na dereva hupunguza mwendo. Nyuma pakiteleza, gari huzunguka, na madereva wengi hawawezi kulirudisha.