Mng'ao wa Mozaiki Hutoka Mkononi mwa Fundi

Monasteri ya Hosios Loukas huko Ugiriki, yenye mozaiki za karne ya 11, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1990 pamoja na Daphni na Nea Moni. Kuta zake humeremeta na mng'ao huhama kila mgeni anapopiga hatua, naye upesi husema kwamba ni dhahabu hiyo. Dhahabu ipo kweli, karatasi nyembamba mno iliyobanwa katikati ya kioo, kisha kioo kikakatwa vipande vidogo. Lakini dhahabu iliyobandikwa sawasawa na ukuta hurudisha mwanga upande mmoja tu; ukisimama kwingine, unaiona imefifia. Nashikilia kwamba kinachofanya kazi pale ni mwinamo wa kila kipande.

Mwinamo huo uliwezekana kwa sababu ya chokaa. Fundi alipaka plasta tabaka juu ya tabaka, na la mwisho akalipaka sehemu ndogo tu, kiasi ambacho angekimaliza kingali kibichi. Alichora picha juu ya ubichi huo, akakandamiza vipande kimoja kimoja. Chokaa hugeuka jiwe polepole kwa kuvuta hewa ukaa, kwa hiyo mkono ulipata nafasi ya kupima, kuinua na kulaza. Yuko atakayesema kwamba mkono wa binadamu hupinda tu, wala hakuna aliyekusudia. Hoja hiyo ingesimama kama vipande vingeelekea ovyo. Katika Hagia Sophia, Istanbul, kuna sehemu ambako vipande vya dhahabu vimeinamishwa chini, safu baada ya safu, kumwelekea anayetazama kutoka sakafuni. Sadfa haipangi safu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la gharama: bila dhahabu, ufundi huu una faida gani? Jibu liko pwani yetu. Kwenye kaburi la nguzo la Mambrui, karibu na Malindi, na ndani ya kuba za msikiti mdogo wa Kilwa Kisiwani, mafundi walizamisha bakuli za kigeni ndani ya chokaa, uso ukitazama nje. Hazina dhahabu, wala hazichori mtakatifu yeyote. Hata hivyo tumbo la bakuli limepinda, na palipopinda huwa na ncha inayokutana na mwanga, popote mtazamaji aliposimama. Ni kweli bakuli zilitangaza pia utajiri wa mwenyewe; hilo haliondoi ukweli kwamba zinang'aa kwa umbo lake.

Fundi wa leo anayepamba ukuta wa kanisa kwa vigae vilivyovunjika huwa na pima maji mkononi, akivisawazisha vyote. Kwa sakafu yuko sahihi kabisa. Kwa ukuta ulio juu, usiofikiwa na mikono ya watoto, anaua mwanga aliolipia. Saruji huganda upesi kuliko chokaa, basi achanganye kidogo kidogo, atazame kwanza dirisha liko wapi na waumini wataketi wapi, kisha akiinamishe kila kipande kidogo kuwaelekea. Wazee wa kanisa, msimlazimishe anyooshe.