Kuumba na Kuanza: Uhakiki wa Hoja ya Asili ya Ulimwengu

Swali kama imani ya kuumbwa kwa ulimwengu yaweza kukaa pamoja na maarifa ya sayansi juu ya asili yake limejibiwa mara nyingi kwa haraka, na haraka hiyo imetoka pande zote mbili. Wako wasemao kwamba sayansi imeifuta imani, kwa kuwa imeonyesha jinsi nyota na sayari zilivyotokea. Wako pia wasemao kwamba sayansi imeithibitisha imani, kwa kuwa imegundua kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Majibu haya yanapingana, lakini yana kasoro moja. Yote mawili huyachukua maneno mawili, kuumba na kuanza, kana kwamba ni neno moja. Kasoro hiyo ni ya lugha kabla haijawa ya dini au ya falaki, na kwa hiyo yawahusu wanafunzi wa lugha kuipima. Kipimo kifaacho ni habari za Georges Lemaître, padri wa Kanisa Katoliki na mtaalamu wa Ubelgiji, ambaye maisha yake yote yalikaa juu ya swali hili.

Lemaître alizaliwa Charleroi mwaka 1894 akapata upadri mwaka 1923. Mwaka 1927 alichapisha, katika jarida la chama cha sayansi cha Brussels, makala yaliyoonyesha kwamba ulimwengu unapanuka, na kwamba kukimbia kwa makundi ya nyota ya mbali ni dalili ya kupanuka huko. Mwaka 1931 alikwenda hatua moja mbele. Ikiwa ulimwengu unapanuka leo, basi jana ulikuwa mdogo zaidi, na ukirudishwa nyuma vya kutosha maada yote yakutana katika kitu kimoja kidogo chenye uzito usiokadirika. Kitu hicho alikiita atomu ya asili, na mwaka 1946 akakitolea kitabu kizima.

Makala yake mafupi ya mwaka 1931, yaliyotoka katika jarida la Nature la Uingereza, yalikuwa jibu kwa Arthur Eddington, mwalimu wake wa zamani huko Cambridge, aliyesema wazi kwamba fikira ya ulimwengu kuwa na mwanzo inamchukiza. Lemaître hakumjibu kwa maandiko matakatifu. Alimjibu kwa nadharia ya chembe ndogo za maada, akasema kwamba pale ambapo chembe ni moja tu, maneno wakati na mahali hayana maana. Maana yake huja baada ya chembe hiyo kugawanyika. Katika mswada wa makala hayo palikuwa na fungu la mwisho lililomtaja Mungu aliyefichika, na kusema kwamba mwamini aweza kufurahi kuona fizikia ikiweka pazia mbele ya uumbaji. Fungu hilo lilifutwa kabla ya kuchapishwa. Kufutwa kwake si dalili ya woga. Ni dalili ya mtu ajuaye kwamba maneno hayo, hata yakiwa kweli kwake, hayakuwa sehemu ya hoja aliyokuwa akiijenga.

Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII aliihutubia Akademia ya Sayansi ya Vatikano. Alisifu maarifa mapya ya falaki, akasema kwa ufasaha mkubwa kwamba sayansi ya siku zile imerudi nyuma katika karne nyingi mpaka ikawa shahidi wa ile amri ya kwanza iliyoitoa nuru. Ni haki kukumbuka kwamba hotuba hiyo ilikuwa na tahadhari yake: ilikiri kwamba dalili za sayansi peke yake si uthibitisho kamili wa uumbaji. Lakini msikilizaji hukumbuka nguvu ya sauti kuliko tahadhari, na magazeti yalichukua nguvu ya sauti. Lemaître hakupendezwa. Katika Septemba 1952 Papa aliposema tena na wataalamu wa falaki waliokusanyika Roma, dai lile halikurudiwa.

Kwa nini padri asipendezwe na Papa aliyeisifu nadharia yake? Sababu ya kwanza ni ya kisayansi. Mwaka 1951 nadharia hiyo ilikuwa bado na kasoro kubwa. Kwa vipimo vilivyotokana na kazi ya Edwin Hubble ya mwaka 1929, umri wa ulimwengu ulitoka karibu miaka milioni 2,000. Lakini katika miaka ya 1940 Arthur Holmes, kwa kupima madini, alikuwa amekwisha kuikadiria dunia kuwa na zaidi ya miaka milioni 3,000. Mtoto alikuwa mkubwa kuliko mama. Katika mkutano ule ule wa Roma wa mwaka 1952, Walter Baade alitangaza kwamba umbali wa makundi ya nyota ulikuwa umepimwa vibaya, na kwamba umri wa ulimwengu lazima uzidishwe mara mbili hivi. Hesabu zimeendelea kubadilika tangu hapo. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2013 vilitoa miaka milioni 13,800. Aliyeifunga imani yake kwenye hesabu ya 1951 angelazimika kuifungua na kuifunga upya mara kadhaa katika maisha ya mtu mmoja. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya maana ya maneno. Kwa Lemaître, atomu ya asili ilikuwa mwanzo wa mambo ya maumbile, si uumbaji. Alieleza katika mkutano wa Solvay wa mwaka 1958 kwamba nadharia yake haigusi swali la dini kwa upande wowote: mtu asiyekubali kuwako kwa Mungu anabaki huru kukana, na mwamini naye anaondolewa kishawishi cha kumshika Mungu kwa mkono kama kitu kimoja kati ya vitu.

Hapa Kiswahili chenyewe chafaa kuwa shahidi. Kitenzi -umba ni cha asili ya Kibantu, na katika lugha nyingi za jamaa hiyo shina lake ni la kazi ya udongo: kufinyanga, kuupa udongo sura ya chungu. Mfinyanzi hatoi udongo pasipo kitu. Anaukuta, anaulainisha, anaupa umbo. Neno umbo lenyewe ni mtoto wa kitenzi hicho. Neno -huluku, lililotoka Kiarabu na kutumika zaidi katika tungo na katika maneno ya wanazuoni, nalo halikuanza mbali na karakana, kwani wenye kamusi za Kiarabu huonyesha kwamba maana yake ya zamani ni kukadiria, kama fundi akadiriavyo ngozi kabla ya kuikata. Hivyo maneno yote mawili ambayo Mswahili huyatumia kwa tendo la Mungu yametoka mikononi mwa mafundi wenye malighafi mbele yao.

Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, walikabiliwa na jambo hili, ijapokuwa pengine bila ya kulitaja. Katika aya ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, Kiebrania kina kitenzi bara, ambacho kwa maana hii ya kuumba mtendaji wake katika maandiko hayo ni Mungu peke yake, wala hakitajiwi malighafi. Kiswahili kilipewa hapo -umba, neno la mfinyanzi. Katika sura ya pili, mtu anapofanyizwa kwa mavumbi, Kiebrania kinatumia neno la mfinyanzi hasa, na Kiswahili kikapewa -fanya. Yaani palipo na udongo neno la udongo halikuwekwa, na pasipo na udongo likawekwa. Hili si kosa la kuwalaumu wafasiri. Kwa msemaji wa leo -umba imekwisha kupanda daraja; akisikia Muumba hafikiri chungu. Shina la neno si gereza la maana yake. Lakini historia hiyo yaonyesha kwamba kutoa kitu kutoka utovu wa kitu ni fikira ambayo lugha haikuwa na neno lake tayari. Ilibidi iazime neno la kazi ya mikono na kulipandisha.

Wanasayansi nao hawakusalimika. Fred Hoyle, pamoja na Hermann Bondi na Thomas Gold, walitoa mwaka 1948 nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo wala mwisho, ambao ndani yake maada mpya hutokea kidogo kidogo daima. Hoyle hakuwa na haja ya Mungu katika nadharia hiyo. Hata hivyo neno alilolitumia kwa kutokea kwa maada lilikuwa uumbaji. George Gamow naye, aliyeshika upande wa mwanzo wenye joto kali, alikiita kitabu chake cha mwaka 1952 kwa jina la uumbaji wa ulimwengu. Alipolaumiwa, alieleza katika chapa iliyofuata kwamba hakukusudia kutoa kitu pasipo kitu, bali kukipa umbo kisichokuwa na umbo, kama mafundi wa mavazi wa Paris wanavyosemwa kuumba mtindo mpya. Gamow alitafuta kwa maelezo maana ambayo neno la Kiswahili limeibeba tangu mwanzo. Kama angaliandika kwa Kiswahili, mfinyanzi angalimtetea.

Jina la nadharia yenyewe lina matatizo yake. Hoyle ndiye aliyeliita wazo la wapinzani wake kwa jina la mlipuko mkubwa, katika mazungumzo ya redio ya BBC mwaka 1949, na jina hilo limeshinda. Kwa Kiswahili limekuwa Mlipuko Mkuu. Mlipuko huhitaji kitu kinacholipuka, mahali kinapolipukia, na nafasi tupu ya kutupia vipande. Nadharia haisemi hata moja katika haya. Husema kwamba nafasi yenyewe inapanuka, na kwamba hapana kitovu. Mwanafunzi asikiaye mlipuko huuliza mara moja nani aliyewasha utambi, na hapo dini na sayansi zimekwisha kugombanishwa na neno ovyo. Mpanuko lingekuwa neno tulivu zaidi na lenye kweli zaidi.

Ubishi huu haukuanza na darubini. Al-Ghazali, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1095, aliwapinga wanafalsafa waliosema ulimwengu ni wa kale usio na mwanzo. Ibn Rushd, aliyekufa mwaka 1198, alijibu kwamba maandiko yenyewe hayasemi waziwazi kwamba hapakuwa na kitu chochote kabla, kwani yanataja maji na moshi. Karibu na mwaka 1270 Thomas Aquinas aliamini kwa dini yake kwamba ulimwengu ulianza, lakini akafundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha hivyo. Na kwamba hata ulimwengu usio na mwanzo ungekuwa umeumbwa, maana kuumbwa ni kumtegemea Mungu katika kuwako, si kuwa na siku ya kwanza. Tofauti ya Lemaître kati ya mwanzo na uumbaji ni mtoto wa fikira hiyo.

Mfano wa pili wa kosa la 1951 upo karibu zaidi na wasomaji wa pwani. Tangu Maurice Bucaille, daktari Mfaransa, alipotoa kitabu chake mwaka 1976 juu ya Biblia, Kurani na sayansi, imekuwa desturi ya wahubiri wengi kuitaja aya isemayo habari za mbingu na ardhi kuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, na kusema kwamba hiyo ndiyo nadharia ya kupanuka kwa ulimwengu. Nia ni njema, na aya ni tukufu kwa wenye kuiamini. Lakini wafasiri wa karne nyingi waliielewa aya hiyo bila ya falaki ya Lemaître, na baadhi yao waliifasiri kwa mvua na mimea: mbingu ikafunguka kwa mvua, ardhi ikafunguka kwa mimea. Kuifunga kwenye nadharia moja ni kuwaambia wafasiri hao kwamba hawakujua walichokisoma, na ni kuiweka aya rehani kwa kipimo kijacho.

Je, basi, dini na sayansi zikae kila moja nyumbani kwake, zisigusane kabisa? Jibu hilo nalo ni jepesi mno. Askofu James Ussher alihesabu mwaka 1650 kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo, na hesabu hiyo ikachapishwa pembeni mwa Biblia nyingi za Kiingereza. Hilo ni dai la tarehe, na dai la tarehe hujibiwa na mawe na nyota. Aishikaye tarehe hiyo hawezi kukaa kwa amani na elimu ya miamba, wala haifai kumdanganya kwamba ataweza. Kwa upande wa pili, mtaalamu asemaye kwamba milingano yake imeondoa haja ya Muumba amekwisha kuacha kupima akaanza kuhubiri. Milingano husema hali moja hufuatwa na hali gani, haisemi kwa nini kuna kitu badala ya utovu wa kitu. Kukaa pamoja kwawezekana, lakini kuna kodi, na kila mpangaji hulipa yake.

Lemaître mwenyewe hakuwa na usalama wote wa lugha. Alipenda kuuita mwanzo huo siku isiyo na jana, na msomaji mwenye Biblia kichwani husikia humo siku ya kwanza ya sura ya kwanza. Aliyelifuta fungu la Mungu katika mswada aliuacha ushairi wake katika vitabu. Lakini ushairi huo hakuufanya hoja, na hapo ndipo alipowazidi wote waliomsifu. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba wameupata, huko New Jersey, mnururisho hafifu utokao pande zote za mbingu, masalio ya joto la zamani. Lemaître alipata habari hiyo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa kwake Juni 1966. Nadharia yake ilikuwa imepata nguvu ambayo hotuba ya 1951 haikuweza kuipa, na imani yake haikuwa imeingojea nguvu hiyo.

Fundisho kwa watunga istilahi na wafasiri ni bayana. Kuanza na kuumba yasitumike kwa kubadilishana katika vitabu vya sayansi wala vya dini. Panapozungumzwa hali ya kwanza ya maada, lifaalo ni kuanza au kutokea. Panapozungumzwa tegemeo la vitu vyote kwa Mungu, lifaalo ni kuumba. Kamusi haiwezi kuumaliza ubishi huu, lakini yaweza kuwazuia wabishi wasigombane juu ya neno moja huku kila mmoja akikusudia jambo jingine.