Hezi 54 badala ya 50: kufuatilia kosa la masafa

Sakiti ya saa huupa mtambo wa kielektroniki mapigo ya kuhesabia muda. Kiini chake ni kristali ya kwazi inayotikisika kwa masafa yake maalumu. Osileta huudumisha mtikisiko huo, kisha kitanzi cha kufunga awamu huyazidisha na kuyagawanya masafa hadi yapatikane yale yanayotakiwa. Mapigo hayo yakikosea, kila kipimo kinachotegemea muda hukosea pamoja nayo.

Athari yake inaonekana vizuri kwenye umeme wa Mururu, wilayani Rusizi. Hapo Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu, ni mpaka kati ya Rwanda na Kongo, na kituo cha Ruzizi II, maarufu pia kama Mururu II, hufua umeme wa Rwanda, Burundi na Kongo chini ya kampuni ya pamoja ya SINELAC tangu 1989. Umeme huo ni wa hezi 50. Katika gridi ya namna hiyo, rilei za kidijitali hupima masafa kwa kuhesabu mapigo ya saa yao wenyewe katika kila mzunguko mmoja wa umeme. Masafa yakipanda au kushuka kupita kiasi kilichopangwa, rilei hukata.

Ichukuliwe rilei ambayo saa yake inapaswa kutoa megahezi 10. Mzunguko mmoja wa hezi 50 huchukua milisekunde 20, kwa hiyo rilei hutarajia kuhesabu mapigo 200,000. Kioo chake kikionyesha hezi 54, yapo maelezo mawili tu: ama mashine kweli zimeongeza mwendo, ama saa ya rilei imepungua kasi na inahesabu mapigo machache kuliko yanayostahili.

Swali hili hujibiwa kabla ya bisibisi kugusa kifuniko. Mitandao iliyounganishwa huwa na masafa mamoja: yakiwa 54 Mururu, yatakuwa 54 Bukavu, Kigali na Bujumbura pia, na kila mota ya kawaida iliyochomekwa humo itakuwa imeongeza mwendo kwa takriban asilimia 8. Mita nyingine zikisoma 50 huku rilei moja ikisoma 54, mto na turbaini hazina hatia. Mwenye kesi ni saa.

Hatua inayofuata ni kugawanya, kwa sababu ukubwa wa kosa ndio unaomtaja mkosaji. Hamsini ukigawa kwa 54 unapata 25 kwa 27. Uwiano safi wa namna hiyo hauletwi na joto wala uchakavu. Huletwa na namba iliyoandikwa vibaya. Chipu za saa kama Si5351 hukubali kristali ya megahezi 25 au ya 27. Programu ikipanga vizidishi na vigawanyo kana kwamba kristali ni ya 27, kumbe iliyolehemiwa kwenye bodi ni ya 25, megahezi 10 zinazotarajiwa hutoka zikiwa 9.259. Mapigo 200,000 huwa takriban 185,185, na rilei, isiyojua lolote, hutangaza hezi 54. Kubadilisha chipu hapa ni kupoteza fedha. Kinachotakiwa ni kusoma maandishi yaliyo juu ya kristali na kuyalinganisha na mpango wa programu.

Uwiano wa moja kwa tatu una mkosaji mwingine. Kristali nyingi za masafa ya juu hukatwa zifanye kazi kwa mtikisiko wa tatu. Osileta isipozuia mtikisiko wa msingi, kristali ya megahezi 48 hutoa takriban 16.

Masafa yanayotangatanga, yasiyo na uwiano wowote na yanayobadilika bodi ikipata joto, huashiria kwamba kitanzi hakijafunga. Huenda namba zilizopangwa zinaidai osileta ya ndani masafa isiyoyaweza. Kwa Si5351 uwanja wake ni megahezi 600 hadi 900. Chipu za aina hii huwa na rejista ya hali inayoonyesha kama kitanzi kimefunga, nayo husomwa kwanza.

Kosa dogo, la sehemu chache kwa milioni, kwa kawaida ni la kapasita za kristali. Kapasita mbili za pikofaradi 18 huonwa na kristali kama 9, kisha bodi yenyewe huongeza chache. Mzigo ukipungua kuliko kristali ilivyoundiwa, masafa hupanda, ukizidi, hushuka. Kosa la sehemu 20 kwa milioni huitupa saa ya ukutani sekunde 1.7 hivi kwa siku, lakini kwenye rilei hubadilisha usomaji kwa hezi 0.001 tu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kulisingizia hilo kwa hezi 54.

Upimaji wenyewe una mtego. Ncha ya osiloskopu huongeza pikofaradi kumi hivi pale inapogusa. Ikiwekwa kwenye mguu wa kristali, huvuta masafa au huzima mtikisiko kabisa, na fundi hubaki akikimbiza kosa alilolileta mwenyewe. Kipimo huchukuliwa kwenye pini ya kutolea. Kihesabu masafa nacho kina kristali yake, hivyo kwa makosa madogo hulinganishwa kwanza na rejea bora, kama pigo la kila sekunde la kipokezi cha GPS.

Baada ya marekebisho, vipimo ni viwili: pini ya saa isome megahezi 10, na rilei isome masafa yaleyale ya mita za jirani. Cha pili ndicho kinachoruhusu rilei irudishwe kazini.